Kabureta ya Nyakasimbi

Mimi ni fundi wa magari hapa Nkwenda, na ni mtu wa kushuku. Mteja akiniapia kwamba gari lake halijawahi kugongwa, nachungulia chasisi kwanza. Ndiyo maana hadi leo najilaumu.

Gari lilikuwa la mteja wangu Adelard. La michezo, la Kiingereza, viti viwili, limenizidi umri. Jumamosi lilitakiwa limpeleke binti yake kanisani kufunga ndoa. Spea zake huku hakuna, kwa hiyo nililitia viraka: nikang'oa dainamo nikaweka alteneta ya Corolla, rejeta ya Suzuki, feni ya umeme. Sioni haya kujisifu, lilikuwa zima kuliko lilipotoka kiwandani. Tatizo likabaki kabureta. Zilikuwa mbili, moja imepasuka. Nilijaribu ya Toyota, mlimani injini ikakohoa na kuzima.

Alhamisi mnunuzi mmoja wa ndizi akaniambia, "Nenda Nyakasimbi. Kuna gari kama hilo limeozea kwenye kibanja cha mtu, migombani."

Nikapanda pikipiki. Nilifika jua likizama. Mzee mmoja mrefu alikuwa amesimama mwanzo wa migomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa, Telesfori."

Sikuwa nimemtajia jina.

Nikajiambia labda yule mnunuzi wa ndizi amempigia simu. Tukaingia migombani. Magurudumu ya gari yalikuwa yamezama udongoni, na mgomba umeota palipokuwa na kiti cha dereva. Nikafungua boneti. Ikanipiga harufu ya petroli mbichi... Nikagusa injini.

Ilikuwa ya moto.

Nikarudisha mkono kwa kasi, bati likanichana kidole. "Pole," mzee akanong'ona. Akanipangusa damu kwa kiganja chake. Kiganja kilikuwa baridi.

Nati zililegea kwa vidole tu. Nati zenye kutu haziachii hivyo, najua. Nilijua kuna kitu hapo. Lakini kabureta ilikuwa nzima, inang'aa, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Nikainyamazia akili yangu.

"Bei gani, mzee?"

"Mimi Rwegoshora sikuuzii. Tule kahawa tu."

Kwetu mgeni hupewa kahawa kavu atafune, na kukataa ni kumtukana mwenyeji. Akapasua ganda moja kwa kucha, zikatoka punje mbili. Moja akanipa, nyingine akatia kinywani mwake. Nikatafuna. Ilikuwa na chumvichumvi.

Ijumaa nikaifunga. Injini ikanguruma vizuri mno, Adelard akapiga makofi. Nikamweleza nilikoipata na aliyenipa. Makofi yakaisha.

"Rwegoshora?" akanong'ona. "Tulimzika nikiwa kidato cha pili."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ulikula chochote kwake?"

"Kahawa."

"Ganda moja, mkagawana?"

"Ndiyo."

"Kulikuwa na damu?"

Nikakumbuka kile kiganja. Marehemu babu aliwahi kunisimulia habari za omukago: watu wawili wanagawana punje za ganda moja zilizopakwa damu, wanakuwa ndugu. Nyumba ya mmoja ni ya mwenzake. Watoto ni wao wote.

"Watu watatu walikula naye akiwa hai," Adelard akasema. "Kila mmoja alizika mtoto. Kama ni yeye aliyewachukua, kama ni bahati mbaya... hakuna aliyejua."

Mimi nina mtoto mmoja tu. Vero, miaka sita.

Nikaacha spana chini, nikakimbilia pikipiki. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa mpaka machozi yakanitoka njiani. Nyumbani nikamkuta mke wangu Placidia anamenya ndizi jikoni, kule nyuma.

"Vero yuko wapi?"

"Sebuleni. Una nini, baba Vero?"

Nikaingia ndani, nikafunga mlango wa mbele, nikasukuma komeo, nikambeba mwanangu kifuani. Moyo wake ulikuwa unadunda taratibu kabisa. Wangu ulitaka kutoka nje.

Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia.

Halafu nikaisikia... injini. Inakuja polepole kwenye njia yetu, ambayo hata mkokoteni haupiti. Ikazima hapo nje. Harufu ya petroli ikapenya chini ya mlango.

Hodi.

Nikarudi nyuma hadi ukutani.

Hodi, ndugu yangu.

"Usiseme kitu," nikamnong'oneza Vero. "Tusimfungulie."

Akajivuta akanitazama usoni, akatabasamu.

"Lakini baba, huyo si baba mkubwa? Jana ulipokuwa bado njiani, mama akiwa jikoni, aliingia tu. Akanipakata."