Bahari Isiyokupwa Wala Kujaa

Mashine ya boti iligonga mwamba saa tano na nusu asubuhi, na Paras akarushwa majini na koti lake la sufu, miwani na vyote.

Seifu hakuwa na muda wa kufikiri. Alijilaza ukingoni mwa boti, akamnasa ukosi na kumvuta kwa nguvu zake zote.

"Tulia, Paras bhai! Ukipapatika utanipindua!"

"Baridi, Fundi! Baridi!"

Lo, baridi gani ile! Ilikuwa Oktoba, Uswidi, na maji yalichoma mikono kama moto. Seifu alipompandisha, mzee wa watu alikuwa midomo imemfa ganzi na meno yanagongana.

Wote wawili kazi yao ilikuwa Kariakoo. Paras alikuwa na duka la vipuri Mtaa wa Swahili. Seifu alikuwa fundi wake wa mashine za boti, mtoto wa Feri, kwenye soko la samaki, ukoo wa wavuvi tangu babu wa babu. Mwaka ule ruksa ya kuingiza mali kutoka nje ilikuwa bado ya moto, na kila mwenye duka alitaka kuionja. Paras akaandikiana barua na mzee mmoja wa Västervik, mji mkongwe wa pwani ya Uswidi, aliyekuwa akiuza mashine za mitumba. Walipofika kununua, mzee yule akawapa boti waijaribu mashine, akawaonyesha kwa mikono kwamba wasitoke bandarini.

Sasa niambie, nani atoke Bongo mpaka Uswidi halafu akae bandarini? Walitaka kuuona mji ule wa kale kutoka baharini, nyumba zake za mbao na magofu ya ngome yake. Paras aliuliza kila kitu. Mbona nyumba nyekundu? Mbona visiwa havina minazi wala watu? "Kidogo tu, Fundi, tuzunguke kile pale." Wakazunguka kile, wakazunguka na kingine. Ukungu ukashuka ghafla, mji ukapotea, na mwamba ukawapata.

Mguu wa mashine iliyoning'inia nyuma ya boti ulikuwa umeingia kwenye ufa wa jiwe chini ya maji na kupinda. Boti haikwenda mbele wala nyuma. Seifu alimvua Paras nguo mbichi, akamvisha sweta lake na koti lake la mvua, yeye akabaki na shati.

"Tutatokaje hapa?" Paras aliuliza.

"Hiyo ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Leo mwezi umefika siku ya kumi na tano, bamvua, maji hupanda sana. Maji yameshaanza kujaa. Saa nane yatatunyanyua, mguu utoke wenyewe. Kaa kimya, tunza nguvu."

Alisema kwa kujiamini kabisa, na Paras akaamini, maana nani wa Mtaa wa Swahili abishane na mtoto wa Feri habari za maji? Seifu akakwaruza alama kwa funguo kwenye mwamba, pale maji yalipofika. Wakangoja.

Saa sita na nusu maji yalikuwa palepale kwenye alama. Saa saba na nusu, palepale.

Seifu akainama, akalitazama jiwe kwa mshangao. Miamba ya kwao ina chaza mpaka juu na utelezi unaoonyesha maji hupanda wapi. Huu ulikuwa mkavu, na vimea vikavu vimeota karibu kabisa na maji. Akachota kwa kiganja, akaonja. Chumvi yenyewe ya kutafuta! Akaonja tena. Bahari gani hii, haina chumvi ya maana wala haijui kupanda?

"Paras bhai," alisema taratibu, "haya maji hayajai."

Paras alikuwa ameacha kutetemeka, na Seifu alijua hiyo si dalili ya kupona. Saa mbili nzima alimkalisha mwenzake kwenye baridi akingoja kitu kisichokuja! Aliona aibu, na aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani.

Mashine ile ndiyo iliyowatoa kwao. Hakuitazama mara mbili. Alifungua vibano vyake viwili, akaisukuma kwa mguu, ikazama. Boti ikayumba, ikaelea. Seifu akashika kasia.

Lakini aelekee wapi? Kila upande ni ukungu.

"Samaki," Paras alinong'ona.

"Samaki gani?"

"Wanabanika samaki. Kichefuchefu kinanipanda."

Seifu alinusa, hakupata kitu. Amezaliwa katikati ya karai za Feri; pua yake ilistaafu zamani. Lakini kwa kina Paras, wasiogusa nyama wala samaki, hata yai halivuki mlango, na akipita Feri hufunga leso puani. Penye samaki wa kubanikwa pana moto, na penye moto pana watu.

"Wapi? Nionyeshe!"

Paras alionyesha kwa kidevu. Seifu akapiga kasia. Kila baada ya muda kidevu kiliangukia kifuani, na njia ikapotea.

"Paras bhai, usilale! Nikamwambie nini mkeo, Mama Kajal? Nusa!"

"Kushoto. Inanuka vibaya... mno."

"Vizuri! Ikinuka zaidi sema!"

"Nitatapika, Fundi."

"Tapika, baba, tapika, lakini nusa!"

Viganja vya Seifu vilichunika, damu ikateleza kwenye kasia. Alipomsikia Paras akitapika kwelikweli alifurahi mno, akacheka machozi yakimtoka. Mara ukungu ukapasuka, gati likatokea, na kibanda cheusi kinachotoa moshi.

Mama mmoja mnene mwenye aproni aliwaona, akapiga kelele kwa Kiswidi, akaja mbio. Walimbeba Paras pamoja mpaka ndani, wakamweka mbele ya tanuri, samaki wananing'inia juu ya kichwa chake safu kwa safu. Mama akamfunika blanketi tatu, akamwekea mapajani sahani ya samaki aliyetoka motoni sasa hivi.

"Huyu hali samaki, mama," Seifu alisema kwa Kiswahili, akanyoosha mkono aiondoe.

Paras akaikumbatia sahani kwa mikono miwili, akiota joto lake. Alianza kutetemeka tena, mwili mzima, macho yamefumbwa, pua imegeuzwa ukutani.

"Acha hapo, Fundi," alisema. "Mwambie alete mwingine. Huyu anaanza kupoa."