Nilichomoa prise, binti yangu akafungwa pingu

— Polisi, kamata huyu!

Bandugu, nilikuwa ku mulango ya bureau kwenye binti yangu anatumika, sahani ya bugali na sombe mu mukono, wakati nilisikia ile sauti ya patron wake. Polisi walikuwa wanashika Bénite, binti yangu!

Na mwenye alimushitaki? Luc! Mwenzake wa kazi, mwenye anakula kwangu kila juma...

— Patron Apollinaire, ni ye alitia virus mu serveur!

— Luc, hata wewe? Bénite akamuuliza.

Serveur ni mashini yenye inabeba site yao ya internet. Bashofere banaonyesha papier za muzigo kupitia ile site. Tangu asubuhi imekwama, camions kumi na moja za muzigo zimesimama mu njia kule Beni, na patron alikuwa na hasira.

Bénite alikuwa analia.

— Patron, siyaharibu kitu! Mutu akifungua site, script, ile programu ndogo ya kumutumikia, inaanza, inakwama. Ziko mia tatu! Nazikata, zinakataa kufa. Ziko zinangojea fichiers za ku disque... ile ya kwetu nyumbani!

Mungu wangu! Nikatia sahani chini.

Juu ya bavoleur benye banaiba ku bureau, patron alisema ile disque, kasanduku kenye kanachunga papier zote, ilale kwetu mu mutaa wa Mususa. Antenne inapeleka fichiers, ni kusema zile papier, mpaka bureau. Na asubuhi, mimi mwenyewe nilichomoa prise yake ya umeme nitie ya pasi, ninyooshe pagne yangu ya kuimba mu chorale. Nikasahau kuirudisha!

Nilisema? Hapana! Woga...

Nilipanda pikipiki mpaka nyumbani, nikarudisha prise, nikarudia bureau jasho inanitiririka; polisi walikuwa wangali wanauliza Bénite maulizo.

Scripts zilikuwa zinamalizika zenyewe, moja moja. Site ikafunguka! Nikapumua.

— Munaona! Luc akapiga kelele. Ameona polisi, akaondoa virus yake!

— Mumufunge pingu! patron akasema.

Pingu ikalia: kra!

Bandugu, kwa ile kujificha kwangu, ni mimi nilimupatia Luc ile maneno ya kusema... Nilipiga magoti.

— Patron, ni mimi! Nilichomoa disque, nikairudisha kwa siri!

Patron akaambia polisi bamuachilie. Luc akaangalia viatu vyake. Pingu ikafunguliwa.

Bénite akanigeukia.

— Mama... uliniona nashikwa, na ulikuwa unajua?

Ile chakula hakuigusa, na mpaka leo hagusi chakula yangu.

Bamama, musichomoe kitu mbele ya kuuliza. Lakini mukichomoa, museme palepale! Kurudisha prise kimya haitoshi.