Sanduku la Dada

"Kipanga! Anakuja kwako! Mlango wa nyuma!"

Nukta alikuwa akikimbia huku akifoka ndani ya redio yake ndogo ya Motorola. Mbele yake, mtu mwenye sanduku la kijani aliruka meza ya muuza viatu, akamkumba mama mmoja na kapu lake, akapotelea kwenye korido ya soko.

"Kipanga, unanisikia?"

Redio ilikwaruza tu.

Nukta alipochomoza upande wa pili, bastola ya Beretta mkononi, alimkuta Kipanga ameketi chini amejishika goti. Mtu wa sanduku alishayeyuka.

"Kanipiga kumbo, shemeji. Kaondoka na pikipiki."

Ilikuwa mara ya tatu. Kila mara mtu yuleyule, na kila mara alipitia mlango uliokuwa ukilindwa na Kipanga. Nukta hakumdhania baya. Utamdhaniaje baya mtu mliyekwepa naye risasi miaka kumi na miwili? Tena Kipanga hakuwa mwenzake wa kazi tu. Alikuwa mdogo wa mkewe, tumbo moja, na dada mtu ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki.

"Umechoka," Kipanga alisema akijipangusa vumbi. "Kesho kutwa tunapanda ndege. Hizo pasipoti waachie wengine."

Pasipoti tupu arobaini. Ziliibwa tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, kwenye mtambo wa kuchapia wa serikali. Kila moja ingemwingiza nchini muuaji mmoja mwenye jina la raia mwema. Wanunuzi walikuwa ng'ambo, wakizisubiri, na fununu zilisema zimo ndani ya sanduku la kijani.

Lakini hata jasusi ana mke, na mke ana haki ya likizo. Wiki mbili nyuma, mke wa Nukta aliokota mezani kijitabu chenye picha za nchi ya mbali, nchi ya joto, minazi na maji ya buluu. "Tangu tuoane," alisema, "umenipeleka matangani na hospitalini tu." Nukta alikubali. Kipanga, aliyekuwa akila nao, alicheka mpaka akapaliwa. "Nchi hiyo hata kwenye ramani siijui! Nami nakuja. Nitawabebea mizigo."

Basi saa tisa alasiri, jasho halijamkauka, Nukta alipitia ofisi ya wakala wa safari. Karani alimpangia mezani tiketi tatu na kadi tatu za chanjo ya homa ya manjano.

"Nyie wawili mmeponea chupuchupu," alisema. "Kule huingii mpaka chanjo ifikishe siku kumi. Zenu zinafikisha siku ileile ya safari. Jifunze kwa shemeji yako, mtu wa mipango. Yeye kachanjwa mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu?"

"Tarehe tisa. Muhuri huu hapa."

Siku mbili kabla ya wizi. Wakati huo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ametaja likizo. Na kile kijitabu, nani alikiacha mezani?

Nukta alikumbuka jioni ya siku waliyochanjwa. Kipanga alikuja akisema naye amechomwa sindano asubuhi, akaushika mkono, akaguna. Dada yake akachemsha maji, akamkanda kwa kitambaa cha moto, akimwita mwanangu.

Kumbe mkono ulikuwa mzima.

Nukta alizikusanya tiketi, akaenda nyumbani moja kwa moja.

Nyumbani, mkewe alikuwa anapanga nguo kwenye sanduku jipya. Zawadi ya mdogo wake. Nukta alizitoa nguo zote, akafungua kisu chake cha Victorinox, akachana bitana.

Pasipoti zilikuwa zimelala humo safu kwa safu. Arobaini kamili.

Sanduku la kijani lilikuwa danganya toto, la kuwakimbiza huku na kule. Mzigo wenyewe ungepita kwa jina la mke wa afisa, ambaye hakuna anayemfungulia mabegi. Na kama angefunguliwa, angefungwa yeye. Watu husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Huyu alikuwa mzaliwa naye hasa.

Mkewe aliokota moja, akaifunua.

"Labda naye kapewa tu, hajui," alisema. "Nitamwomba alisajili sanduku kwa jina lake. Kama hajui kitu, atalibeba."

Nukta alimpigia simu mkuu wake wa kazi, kwa mafumbo yao.

"Mkuu."

"Mvua imekatika?"

"Inanyesha ndani ya nyumba."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Nikupe wangapi?"

"Wawili. Wavae sare za wapakia mizigo."

Pasipoti zilirudi serikalini usiku huohuo. Magazeti ya zamani yakachukua nafasi yake.

Siku ya safari, saa nne asubuhi, Kipanga alisimama uwanja wa ndege amevaa shati la maua, koti lililonyooka na miwani ya Ray-Ban.

"Mdogo wangu," dada yake alisema, "sajili sanduku langu kwa jina lako. Mzigo wangu umezidi uzito."

"Kwa jina langu? Dada, kila mtu na mzigo wake."

"Si ulisema utatubebea?"

"Nilitania."

"Nibebee tu, mwanangu. Hili moja."

Sauti yake ilikuwa inabembeleza. Alitaka akubali tu, warudi wote nyumbani, aombe radhi kwa kumshuku.

"Siwezi," Kipanga alisema, akirudi nyuma. "Hilo siwezi."

"Kwa hiyo nikafungwe mimi."

Kipanga aligeuka. Wapakia mizigo wawili walikuwa wameacha matoroli yao. Mkono ukaingia kotini, bastola ya kazi ikatoka, ikaelekea kifuani kwa Nukta.

"Nipishe, shemeji."

"Piga."

Tik.

Akabonyeza tena. Tik.

Dada yake alifungua mkoba, akaonyesha risasi zote kiganjani.

"Koti nilikupigia pasi mwenyewe asubuhi, bastola ikiwa mfukoni," alisema huku machozi yakimtoka. "Nilikuwa nizirudishe ukishabeba sanduku."

Wapakia mizigo wakamvaa, wakaukunja mkono wake mgongoni.

"Dada! Mkono! Mkono unaniuma!"

Mkono wa dada mtu ukainuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile. Kisha akaushusha, akafunga mkoba.

Nukta aliiokota miwani ya Ray-Ban sakafuni, akaiweka kwenye pipa la taka, akasogea kaunta.

"Abiria watatu?" karani wa ndege aliuliza.

Nukta alimtazama mkewe. "Turudi nyumbani?"

"Nyumbani siwezi. Kitambaa nilichomkandia bado kimeanikwa."

"Wawili," Nukta alimwambia karani. Akapokea kadi mbili za kupandia ndege, akamshika mkewe mkono, wakaelekea kwenye ndege bila kukimbia.