Boneti Iliyofungwa kwa Kamba

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la kijijini Haneti halijaanza kuchoma, Hilda alikuwa na kazi moja ambayo wadogo zake hawakuruhusiwa hata kuigusa. Alifungua boneti ya pikapu ya baba yake, Mzee Yotham, akaangalia maji ya rejeta na oili, akafuta vumbi, kisha akapaka grisi kidogo kwenye kitasa kinachoishika boneti isifunguke njiani. Alikuwa darasa la sita tu, na kazi hiyo ilimvimbisha kichwa kwelikweli. Wadogo zake wakisogea kuchungulia, aliwafukuza kama fundi mkuu.

Jumamosi hii hakumfukuza mtu. Boneti ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, na kioo cha mbele kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Jana yake Mzee Yotham alikuwa akipeleka mjini magunia ya alizeti ya majirani, boneti ikafyatuka ghafla, ikapiga kioo, akawa haoni mbele. Gari liliacha barabara, likasimama hatua chache tu kutoka kwa mama aliyekuwa akitembea na mtoto mgongoni. Mungu alisaidia, hakuumia mtu. Lakini tangu arudi nyumbani, Mzee Yotham hakuwa na neno lingine: wiki tatu zilizopita Fundi Hamidu wa Majengo alibadilisha rejeta, na ni yeye aliyeirudisha boneti vibaya.

Hilda alijua jambo ambalo baba yake hakulijua. Kopo la grisi lilikuwa limekwisha zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Badala ya kusema, alikuwa akichovya kitambaa kwenye mafuta ya alizeti ya jikoni, yale waliyoyakamua wenyewe, na kukipaka kitasa. Aliona mafuta ni mafuta tu, tena haya hayachafui kucha. Sasa angesemaje? Akisema, atanyang'anywa kazi yake, na wadogo zake watamcheka mpaka achoke. Basi akapanda gari bila kusema lolote, wakaenda mjini hadi gereji ya Hamidu, Majengo.

Hamidu na Mzee Yotham walijuana kabla Hilda hajazaliwa. Krismasi Hamidu alikula kwao, na sikukuu ya Idi wao walikula kwake. Hilda alipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba na kumuuliza habari za shule kama siku zote. Lakini Mzee Yotham hakutaka salamu ndefu. Alimwambia mbele ya wateja kwamba kazi yake ya ovyo ilikaribia kuua mtu, na kwamba hataleta tena gari hapo. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri zamu alisimama, akaaga kwamba atarudi siku nyingine, akaondoka na gari lake.

Fundi hakubishana. Alifungua kamba, akaishusha boneti. Ililia "ka!" kama iliyofunga, lakini alipoivuta kwa vidole viwili, ikainuka. Akakagua bawaba, zimekaza. Akakagua waya unaovutwa kufungua boneti, hauna kasoro. Akaitazama pini ya boneti inayoingia kwenye kitasa, imenyooka. Akakuna kichwa.

"Kaka Yotham," alisema kwa sauti ya chini, "sioni nilipokosea, lakini siwezi kuapa. Nitakufungia kitasa kipya, kwa gharama yangu."

Hapo Hilda alishindwa kuvumilia. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Baba, siyo fundi. Ni mimi."

Akaeleza yote, kopo lililokwisha na mafuta ya jikoni, huku akitazama chini. Hamidu alipitisha kidole ndani ya kitasa, kikatoka na uji mweusi unaonata. Akakinusa, akatikisa kichwa. Aliwaeleza kwamba mafuta ya kupikia yakikaa kwenye joto la injini huwa mazito na kunata, kisha vumbi linakwama humo. Springi ya kitasa inashindwa kurudisha mahali pake ulimi unaoishika pini. Ukisikiliza, utadhani boneti imefunga. Kumbe haijashika.

Alimpa Hilda brashi na mafuta ya taa, akamsimamia akisugua mpaka chuma kikaonekana. Kisha fundi akausukuma ulimi kwa bisibisi, boneti ikiwa bado wazi. Ukajifunga. Akavuta waya, ukaachia. Akarudia mara tatu, ndipo akapaka grisi na kuishusha boneti. Mzee Yotham aliivuta kwa mikono miwili, isitikisike.

Aliwageukia wateja waliobaki, na kwa sauti ileile aliyotumia kulaumu akasema amemkosea fundi na anaomba radhi. Hamidu alicheka, akasema atasamehe kama Krismasi hii atapewa paja la kuku. Lakini yule mteja aliyeondoka hakuwepo kusikia.

Walipotoka mjini, Mzee Yotham alisimamisha gari, akashuka, akaijaribu boneti tena. Hilda alimngoja, akijua sasa atanyang'anywa kazi. Baba yake alipoingia, alimwekea mapajani kopo jipya la grisi alilonunua mjini.

"Kutojua siyo kosa, Hilda. Hata mimi sikujua habari ya mafuta hayo," alisema. "Kosa ni kunyamaza. Ungenyamaza leo, fundi angefunga kitasa kipya, nawe ungekipaka alizeti vilevile. Safari nyingine huenda tungemgonga mama kama yule na mtoto wake. Grisi ikiisha, sema. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajabebeshwa lawama."

Hilda alilishika kopo kwa mikono yote miwili. Akauliza itakuwaje kwa yule mteja aliyeondoka akiamini Hamidu ni fundi mbovu.

"Mimi ndiye niliyepayuka," alijibu baba yake. "Jumamosi ijayo tutamuuliza Hamidu anakoishi, tumfuate mimi na wewe. Nitaanza kusema mimi, kisha utasema wewe."

"Ndiyo, baba," alisema Hilda, na safari hii hakuogopa.