Kichwa cha Zabibu

Waliporudi kutoka ibada ya kwanza Jumapili ile, Mama Dorothea na Jenifa, msaidizi wake wa nyumbani, walimkuta Zabibu, mtoto wa mbwa wa nyumba ile, ndani ya boksi lake la safari, amelala ubavu, miguu imenyooka. Kichwa hakikuwepo. Mlango wa boksi ulikuwa umefungwa vizuri kwa nje, na sakafu ya stoo ilikuwa imeoshwa ikang'aa, utadhani aliyefanya kitendo kile alikuwa na adabu zake.

Sajenti Anyesi wa kituo kidogo cha polisi Mkonze alipofika, alikuta majirani wamejaa uani na hakuna anayeongea. Hilo ndilo lililomtia baridi mwilini. Watu wa Mkonze ukiwaacha kidogo tu mahali penye tukio, watakusimulia mpaka ndoto alizoota marehemu. Siku hiyo walikuwa kimya, wanautazama mlango wa stoo, upepo unawapiga vumbi usoni na hakuna anayejifuta.

Mama Dorothea, mstaafu wa wizara, alikuwa anamfuata binti yake ughaibuni na alikwisha kula kiapo kwamba haendi bila mbwa wake. Masharti ya kumpandisha mtoto wa mbwa kwenye ndege aliyajua kama sala. Kwanza chipu chini ya ngozi, halafu chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, halafu kungoja mwezi mzima, ndipo daktari wa mifugo aandike cheti cha afya. Yote hayo aliyasimamia Dokta Cornel, ambaye mtu yeyote wa Dodoma anayetaka kusafirisha mnyama hutajiwa yeye. Safari ilikuwa Jumatano.

Anyesi alimuuliza mbwa alikuwaje siku za karibuni, na mama wa watu akashika tama. Zabibu alibadilika, alisema. Alianza kuubwekea ukuta mtupu. Akiwekewa bakuli la maji anatetemeka na kurudi nyuma. Ijumaa sauti yenyewe ikageuka, ikawa nzito, ya kukwaruza, sauti ya mbwa mzee inatoka kwenye mwili wa mtoto. Jumamosi Dokta Cornel aliitwa. Alimtazama kutoka mlangoni, akasema ni woga wa boksi, wanyama wengi huwa hivyo. Akaagiza afungiwe na mtu asimguse, akaondoka.

"Hakuingia ndani kumpima?" Anyesi aliuliza.

"Hakuingia. Alisimama pale pale mlangoni."

Jenifa alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni, midomo imemkauka. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na alama mbili ndogo za meno. Zabibu alimng'ata Ijumaa alipokuwa anamwekea chakula. Anyesi alichota maji mtungini akampa. Jenifa akageuza uso.

"Sinywi, dada."

Moyo ulimruka Anyesi. Alipokuwa mdogo kule Mpwapwa, baba yake mdogo alikufa amefungiwa chumbani, analia kiu na kuyakimbia maji, na mpaka leo ndoo ikimwagika usiku humshtua. 

"Kwa nini hunywi?"

"Nimefunga. Mchungaji amesema tufunge mpaka hili jambo livunjwe."

Anyesi alishusha pumzi, ila haikushuka yote. Alimwambia waende hospitali hapo hapo akachomwe sindano. Jenifa akakataa katakata. Dokta mwenyewe alimwambia mbwa amechanjwa, aoshe jeraha kwa sabuni, basi. Na kama si ugonjwa, ni mkono wa mtu, na sindano haitoi uchawi. Hata Mama Dorothea alibembeleza, wapi. Yule binti alikuwa amekata kauli, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo Anyesi alivyoona muda unamponyoka. Ugonjwa ule ukishaanza, hakuna daktari wa kuurudisha nyuma.

Mkono aliokuwa anausema Jenifa ulikuwa wa Mzee Matonya, jirani wa nyuma, mfugaji na mchinjaji wa mbuzi. Wiki iliyopita Zabibu alivikimbiza vitoto vyake vya mbuzi, na mzee akasimama kwenye ua wa michongoma akatangaza kwa sauti kwamba mbwa huyo ndege hapandi. Mtaa mzima ulisikia.

Anyesi alimkuta ananoa kisu. Kwa bahati mbaya yake, wazee wa namna hii hawanoi kisu siku nyingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

Anyesi alisema amekuja kumuuliza tu. Matonya hakukana maneno yake. Alikuwa na hasira, na alikuwa amepanga kumshtaki Mama Dorothea kwa mwenyekiti wa mtaa. Lakini kuua? "Kichwa cha mbwa nikipeleke wapi, mwanangu? Hakiliwi, hakiuzwi."

Mteja alikuwa anangoja, kwa hiyo mzee aliomba ruhusa amalize kazi. Anyesi alisimama kutazama. Mbuzi alilazwa, kisu kikapita kooni, mikono mitupu, maji ya jagi yakamalizia.  Anyesi aligeuka akarudi stoo karibu anakimbia.

Alimtazama Zabibu upya, na safari hii aliona kovu dogo begani. Mchinjaji huanzia kooni. Huyu alianzia kisogoni, akaingia kwenye kiungo cha kwanza cha shingo bila hata kuukwaruza mfupa. Sakafu ilinuka jiki kali. Kwenye kona, chini ya gunia, kulikuwa na ncha ya glovu nyembamba iliyochanika. Anyesi alichuchumaa pale. Boksi la safari lilikuwa bado na karatasi ya jina na mshale wa kuonyesha upande wa juu. Mchawi gani huyu, alijiuliza, anayeogopa mate ya mbwa?

Alimrudia Mama Dorothea na swali moja, kovu lililo begani mwa mbwa lilitoka wapi. Mama alikumbuka mara moja. Baada ya chanjo alimpeleka Zabibu shamba la mizabibu kule Makutupora, alikozaliwa, akaagane na mama yake. Alimwacha huko kutwa nzima, mbwa akarudi na kijeraha, naye akadhani ni cha kucheza. Anyesi alimpigia simu Bartolomayo, mlinzi wa shamba lile. Naam, alisema Bartolomayo, siku ile bweha aliingia mchana kweupe, haogopi mtu, mate yanamtoka. Aliwauma mbwa wawili, mtoto na mama yake, kabla ya kupigwa rungu akafa.

"Na huyo mama yake yukoje?"

"Yupo hapa miguuni kwangu, mzima. Sisi tunamchanja kila mwaka."

Mbwa wawili, meno yale yale, na wote wanasemekana wamechanjwa. Mmoja anatikisa mkia Makutupora, mwingine ndiye huyu. Anyesi alipanda pikipiki akaenda mjini.

Duka la dawa za mifugo la Dokta Cornel lilikuwa wazi hata Jumapili. Mwenyewe alimpokea kwa heshima zote, akamvutia kiti, akasikitika kwa ajili ya Zabibu, akasema mambo ya ushirikina bado yanatutesa sana. Halafu, kama muungwana yeyote, akauliza, "Soda ya baridi au ya moto?"

"Ya baridi, dokta. Jua limenimaliza."

Cornel akamwita Frida, msaidizi wake wa duka, akamtuma ng'ambo ya barabara akanunue. Anyesi alitabasamu, akangoja. Nyuma ya kiti cha daktari palikuwa na friji ya kioo, taa yake inawaka. Chini kulikuwa na soda zimejipanga. Juu yake, viboksi vya chanjo.

Alikunywa mpaka chini, akashukuru, akatoka na chupa tupu. Frida alivuka naye ng'ambo kuirudisha, na huko Anyesi alimuuliza taratibu kwa nini soda zinafuatwa huku na za dukani zipo. Frida alishangaa swali lenyewe. Ile inawaka taa tu, haigandishi, tangu umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Lini? Mwezi uliopita, siku chache kabla Mama Dorothea hajamleta mbwa wake kuchanjwa.

Alasiri ile Anyesi alimweka Cornel sebuleni kwa Mama Dorothea, na Jenifa mkekani mbele yake. Mzee Matonya naye aliitwa, akakaa karibu na mlango, kofia magotini. Anyesi alizungumza bila kupandisha sauti.

"Kichaa cha mbwa hupimwa kwenye ubongo. Jirani mwenye hasira hajui hilo, mchawi hana haja nalo. Aliyechukua kichwa alijua ndicho kitakachosema, akavaa glovu, akamwaga jiki. Na alijua saa ambayo nyumba hii huwa kanisani. Dokta, friji yako imekufa tangu lini?"

Cornel alitazama mikono yake. Alipoanza kusema, alisema yote. Chanjo iliharibika kwa joto, naye alijua. Kuagiza nyingine kungechelewesha, na kungoja mwezi kungeanza upya, ndege ingeondoka bila mbwa. Yeye ndiye Cornel ambaye hajawahi kumkwamisha msafiri. "Nikasema mbwa wa ndani, atakutana wapi na kichaa? Nikamdunga dawa iliyokufa. Jumamosi nilipomwona tu, nilijua. Asubuhi nikaja nikamchoma sindano ya kumlaza, nikakata. Kichwa nimekichoma moto."

"Na mimi?" Jenifa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ulijua nimeng'atwa?"

"Nilijua."

"Ukaniambia sabuni."

 Cornel aliogopa kwamba akimtuma hospitali, swali la kwanza lingekuwa la chanjo. Kila mtu mle ndani alilielewa bila yeye kulisema, na Mama Dorothea alifunika uso kwa upande wa kanga.

"Usiniambie mimi," Anyesi alisema. "Mwambie yeye."

"Kachomwe sindano, Jenifa," Cornel alisema, machozi yanamtoka. "Leo hii. Hakuna uchawi. Ni mimi."

Jenifa alisimama mwenyewe. Alipompita Mzee Matonya alipiga goti kidogo, akamwomba radhi, naye mzee akamgusa kichwa akasema twende, mwanangu, nitakusindikiza.

Hospitali walimsafisha jeraha upya, wakamchoma kulizunguka na begani. Muuguzi alisema amewahi, ila sindano zilizobaki asikose hata moja. Mama Dorothea, aliyelambwa mikono na Zabibu kila siku, alikaa foleni nyuma yake. Safari ya Jumatano hakuitaja tena. Cornel alikuwa mahabusu.

Kwenye benchi la nje, Jenifa aliomba maji. Anyesi alimletea kikombe, akakaa naye. Binti alikishika kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu kuliko mtu mwenye kiu anavyotazama maji.  Kisha Jenifa akainua, akanywa, koo likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, mpaka kikaisha.

Anyesi alikichukua kikombe, akaenda kukijaza tena.

"Kunywa na hiki," alisema, "nikuone."