Mti wa Mellen Ndani ya Sufuria

King'ora cha shamba kililia saa kumi na moja alfajiri. Mosoti aliamka, akawasha moto, akapika chai ya mtu mmoja. Kisha alijifunga gunia kiunoni ili umande usimlowanishe. Akachukua kikapu chake na ufito wake, akatoka.

Mosoti alikuwa mchuma chai katika shamba kubwa karibu na Kimulot. Alitoka Kisii akiwa kijana. Shule aliiacha darasa la pili. Lakini mikono yake ilikuwa na elimu yake. Aliweka ufito juu ya michai ili meza, yaani sehemu ya juu inayochumwa, iwe sawa, halafu akachuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka jua linazama. Miaka kumi na tisa mikono hiyo haikufanya kazi nyingine.

Mkewe, Mellen, mama wa binti yao Jerusa, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Alishikwa na homa wakati wa mvua kubwa. Gari la shamba lilikuwapo. Dereva alikuwapo. Ruhusa ndiyo haikuwapo. Tangu siku hiyo Mosoti hakumwamini mkubwa yeyote mwenye viatu visivyo na matope.

Kitu kimoja kilibaki cha Mellen. Siku moja, alipokwenda msituni kuokota kuni, aling'oa mche mdogo akaupanda kando ya mlango. Ulikua ukawa kichaka cha miiba. Wakipsigis hukiita legetetwet. Hutoa maua meupe yanayonukia, halafu matunda madogo. Tunda huwa la kijani, kisha jekundu, na likiiva kabisa huwa jeusi. Jioni Mellen aliketi mlangoni, akachuma yale meusi, akamwekea Mosoti kiganjani. Sasa Mosoti aliketi mlangoni peke yake na kiganja chake kilikuwa kitupu.

Mwezi wa nne mwaka wa 1968, nyapara alipita nyumba kwa nyumba.

"Hii laini ya nyumba inavunjwa," alisema. "Mnahamia nyumba mpya kule juu. Kule ni saruji mpaka mlangoni. Hakuna kupanda kitu."

"Na hiki kichaka?" Mosoti aliuliza.

"Kichaka ni kichaka. Tingatinga haliulizi ni cha nani."

"Ni cha mke wangu."

Nyapara alitazama daftari lake. "Mke wako hayuko kwa orodha," alisema, akaenda mlango wa pili.

Mosoti alichukua jembe siku hiyo hiyo. Alichimba kuzunguka kichaka, akakata mizizi mirefu kwa panga. Hakuwa na chombo cha kukitia. Mwishowe alitoa ile sufuria pana ya Mellen, ambayo walikuwa wakipikia ugali wageni wakija. Akakitia kichaka humo, akajaza udongo mwekundu wa njiani, akashindilia kwa ngumi. Kisha akaibeba sufuria begani mpaka nyumba mpya.

Aliogopa nyapara asije akauona mti. Kwa hiyo aliuweka ndani, nyuma ya mlango. Aliumwagilia maji asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni akirudi. Ukitoa kichipukizi, alikichuma. Alitaka uwe nadhifu, umetulia, uko sawa juu. Hivyo ndivyo alivyojua kutunza mti.

Wiki ya tano majani yalianza kuwa manjano. Wiki ya sita yalianguka. Asubuhi Mosoti aliyaokota sakafuni moja moja. Hakuweza kuyatupa. Aliyaweka ndani ya kikombe.

Jirani yake mpya aliitwa Kipsang, mzee kutoka Boito. Alifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya chai. Jumapili moja baada ya kanisa alikuja kuomba chumvi. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi kwa pua.

"Baba Jerusa, kuna kitu kimeoza humu."

"Labda ni mimi," alisema Mosoti.

Kipsang aliangalia nyuma ya mlango. Akaona sufuria. Akachuchumaa, akatia kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Nani amefunga legetetwet jela?"

Mosoti alimweleza yote: Mellen, tingatinga, nyapara. Alipofikia habari ya nyapara alisema mengi ambayo hayaandikiki. Kipsang alimwacha amalize.

"Sawa. Hao wana makosa yao," alisema. "Lakini udongo huu nyapara hakuumwagilia. Hii sufuria ina tundu?"

"Sufuria yenye tundu ni ya nini?"

"Basi mti wako unazama. Mizizi inataka maji, na inataka hewa pia. Maji yasipopata pa kutokea, mizizi inaoza. Na huu ufito je?" Aliinua kijiti kifupi kilichokuwa juu ya matawi.

"Wa kupimia meza."

Kipsang alicheka mpaka akashika mlango. "Mosoti, unangoja lori lije lichukue majani ya huyu?"

Mosoti alinuna. "Mimi ni mchuma chai. Wewe ulitaka nifanye nini?"

"Usikasirike, rafiki. Chai tunataka majani, ndiyo maana hatuiachi itoe maua. Wewe hapa unataka tunda. Huu mti maua yake hutoka kwenye ncha za matawi. Kila ncha ikichomoza, unaichuma. Ua litoke wapi? Na likitoka, nyuki atapiga hodi huku nyuma ya mlango?"

Mosoti aliitazama mikono yake. Ilikuwa myeusi kwa utomvu wa chai. Hakuwahi kufikiri kwamba mikono hiyo ndiyo ingemaliza kitu cha Mellen.

"Umekufa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kipsang alikwangua gome kidogo kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani, na maziwa meupe yakatoka. "Bado. Angalia. Hayo maziwa yasikuingie machoni. Sasa lete msumari na nyundo."

"Ya nini?"

"Tutoboe sufuria."

"Hapana." Mosoti alisimama mbele ya sufuria. "Hii ni ya Mellen. Alipikia watu kwa hii."

Kipsang alikaa kwenye gogo, hakuharakisha. "Mti ni wa nani?"

"Wake."

"Basi uko na vitu vyake viwili, na kimoja kinaua kingine. Mimi siwezi kukuchagulia."

Nje watoto walikuwa wakicheza na watu wakirudi kutoka kanisani. Mwishowe Mosoti alichukua msumari na nyundo mwenyewe. Walitoa mti, wakaupumzisha juu ya gunia lililoloweshwa. Mosoti aliipindua sufuria. Kwa nje kitako kilikuwa bado cheusi kwa moshi wa moto wa Mellen. Alipiga nyundo mara sita, matundu sita. Kila pigo alifumba macho.

"Hayo yanatosha," alisema Kipsang.

Kipsang alikata mizizi iliyooza, ile laini ya kahawia. Ile myembamba yenye uhai hakuigusa. Alikata pia matawi machache, kwa sababu mizizi michache haiwezi kulisha matawi mengi. Akamtuma Mosoti atafute changarawe. Changarawe zilikaa chini, juu ya matundu. Juu yake wakatia mchanganyiko: udongo mweusi wa msituni karai moja, mchanga karai moja, na nusu karai ya samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza.

"Samadi mbichi huunguza mizizi," Kipsang alieleza. "Na usishindilie kama unajenga barabara."

"Wewe ulijifunza wapi haya?"

"Kabla ya uhuru nilitunza bustani ya mama mmoja Mzungu. Alikuwa na miti mizee ndani ya sahani, mifupi kama goti. Alisema Wajapani huita bonsai. Hukata mizizi na matawi kwa wakati wake, mti unabaki mdogo lakini unaishi miaka mingi, na unazaa. Huu wako nao utakuwa hivyo. Hata wakikuhamisha mara kumi, unabeba tu."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Mosoti.

Wiki tatu mti ulikaa nje kivulini, kando ya ukuta. Kisha waliusogeza juani, mahali panapopata jua la asubuhi. Kabla ya kumwagilia, Mosoti alitia kidole mpaka kiungo cha kwanza. Udongo ukiwa na unyevu, aliacha. Ukikauka, alimwagilia mpaka maji yatoke chini. Walichagua shina moja nene liwe mama, yale mengine wakayaondoa. Tawi moja walilipinda kwa waya laini, na kila wiki Mosoti aliangalia waya usije ukaingia ndani ya gome.

Nyapara alipita akasimama. "Nilisema hakuna kupanda."

"Sijapanda," alisema Mosoti. "Saruji yenu iko salama. Hii ni sufuria."

Nyapara alizunguka sufuria mara moja. Hakupata la kuandika.

Mvua iliporudi, vichipukizi vilitoka. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Vidole vilimwasha Mosoti, vikitaka kuchuma. Jioni nyingine alikalia mikono yake.

"Niguse hiki kimoja tu?" aliuliza.

"Hicho kirefu kinachotoka nje ya umbo, kata," alisema Kipsang. "Vifupi acha. Kazi kubwa ya kukata ngoja mpaka tumalize kula matunda. Na kila mwaka wa pili tutautoa, tupunguze mizizi, tubadilishe udongo."

Mosoti alingoja. Alikuwa amezoea kungoja watu wa ofisini, na kungoja huko kulimtia uchungu. Kungoja mti kulikuwa kugumu pia, lakini asubuhi alitoka mapema kidogo ili autazame.

Mwaka uliofuata mti ulitoa maua. Jioni harufu ilipoingia nyumbani, Mosoti aliacha kula. Alisogea kidogo kwenye benchi, kama mtu anayempisha mwenzake akae. Kisha akaona anachofanya, akarudi mahali pake.

Nyuki walikuja. Maua mengi yalianguka, mengine yakageuka matunda. Mosoti alituma habari kwa binti yake, Jerusa, aliyeolewa upande wa Sosiot. Jerusa alifika Jumamosi, akainama mbele ya ule mti mfupi, wenye shina nene lililopinda.

"Baba, ni ule ule?"

"Ule ule. Ya kijani acha, hayajaiva. Chukua meusi. Angalia miiba."

Jerusa alichuma matunda meusi tisa. Alikula moja, akafumba macho. La pili alilitia kiganjani mwa baba yake. Mosoti alilishika kwa muda, halafu akalila.

"Lina ukali kidogo," alisema Jerusa. "Labda ni kwa sababu ya sufuria. Ya Mama yalikuwa matamu zaidi, sivyo?"

Mosoti alitafuna polepole. Alitaka kusema ndiyo. Alilitafuta lile tunda la zamani mdomoni, na akalipata.

"Hapana," alisema. "Hata yake yalikuwa hivi hivi. Ni mimi niliyeyatia utamu kwa kuyangoja miaka hii yote."

Akanyoosha kiganja tena.