Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Oliver

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, Edah alitoka kwenda kumtafuta ndugu yake kando ya shamba la miwa, uso ameukunja vibaya. Willis alipaswa kufika saa tisa. Willis! Kila siku ni yeye. Leo tumbo linamuuma, kesho gurudumu la pikipiki limepasuka, na filamu ya watu inaoza kwa ajili ya mtu mmoja.

Ilikuwa filamu ya kutisha, ya kwanza kwa Edah, na ilibaki sini moja tu, tukio la mwisho. Hadithi aliitunga mwenyewe: mtu aitwaye Oliver Wanzala anarogwa, anazikwa, ndugu wanagawana nguo zake, kisha anarudi nyumbani kumchukua yeyote aliyezivaa. Willis ndiye aliyemwigiza Oliver. Walikuwa wakirekodi hapo Shianda, kwenye boma la marehemu baba yao.

Jana walirekodi mazishi, na hapo ndipo damu ilipoanza kumchemka. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba. Willis akakataa katakata kulala ndani ya jeneza. Sawa, jeneza lishushwe tupu. Lakini Shangazi Awinja, dada ya baba yao, akasimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Kaburi haifunikwangi bila mtu, Edah. Hata kama ni ya mchezo. Kata mgomba tuzike."

"Shangazi, jua linaondoka!"

"Wacha liondoke. Mimi silali hapa na shimo inangoja mtu."

Mgomba ukakatwa, ukalazwa ndani ya jeneza, vile hufanywa mtu anapopotea na mwili wake usipatikane. Shangazi akauliza unazikwa kwa jina la nani. Oliver Wanzala, akasema Edah. Wa boma gani?

"Wa hapa hapa! Sema wa hapa, Shangazi, tumalize!"

Akasema. Akina mama wa kijiji wakalia kweli kweli, maana kulia kwa kuigiza hawakukujua. Wakalia mara tatu, kwa sababu Ayub wa kamera alikosea mara mbili.

Sasa, mbele ya Edah, mtu alikuwa amesimama katikati ya njia ya miwa, amempa mgongo. Koti la kahawia, lile la Oliver kwenye filamu. Mabega ya Willis yale yale.

"Umesimama hapo ukingoja nini? Kadi ya mwaliko?"

Yule mtu akaanza tu kutembea kuelekea nyumbani. Edah akamfuata akimfokea njia nzima, naye hakugeuka hata mara moja. Kulikuwa na harufu ya utomvu, ile kali ya mgomba uliokatwa karibuni... na miwa, iliyokuwa ikivuma kwa upepo, ikanyamaza.

Edah hakujali. Alichojali yeye ni mwanga.

Sebuleni Ayub alikuwa tayari. Sini yenyewe ilitaka mgongo tu: Oliver anaingia, anaketi, anangoja. Yule mtu akaingia, akaketi bila kuelekezwa. Ayub akabonyeza kamera.

"Nimerudi." Sauti ilitoka chini, nzito, kama ya mtu mwenye maji kifuani. "Nguo zangu... nani amezivaa?"

Edah alisisimka kwa furaha. Hatimaye! Willis hajawahi kusema mstari hata mmoja bila kuuharibu.

Simu ikatetemeka mfukoni.

Willis.

Akaitazama simu. Akakitazama kile kiti. Akapokea.

"Dada, usiniue. Pikipiki ilizima huku Mumias, lakini sasa tumepita sokoni. Dakika tano tu. Koti nimeshavaa, nisikucheleweshe tena."

"Willis, usi..."

Mtandao ukakata. Akapiga. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani! Alitaka kuibamiza ile simu ukutani.

Ayub alikuwa ameiacha kamera na kurudi nyuma hadi ukutani. Edah akaangalia vizuri. Halikuwa koti. Yalikuwa majani makavu ya mgomba, yamelaliana kutoka shingoni hadi magotini, na chini ya kiti majimaji yalikuwa yakidondoka.

Ndo.

Ndo.

"Kata!" Edah alipiga kelele. "Kata! Sini imekwisha! Wewe hauko! Nimekutunga mimi, kwa kalamu yangu!"

"Mlinililia," akasema yule mtu. "Mara tatu."

Mbali, kutoka barabarani, pikipiki ikasikika ikipanda.

Edah alinyakua makaratasi ya hadithi, akauchana ukurasa wa mwisho vipande vipande. Mtu hakutikisika. Kilichochanika ni karatasi tu, mazishi yalishafanyika. Edah akahisi hasira mpaka machozi yakamtoka: hasira kwa Willis, kwa Shangazi, kwa Ayub, na zaidi kwake mwenyewe na haraka zake.

Shangazi Awinja alikuwa mlangoni mwa jikoni. Akanong'ona, "Usimfukuze. Mtu wa boma hafukuzwangi. Muulize anataka nani."

"Una... unataka nani?"

"Mama."

Katika kurasa zote zile Edah alimpa Oliver mchawi, ndugu wabaya, na kifo cha maumivu. Mama hakumpa. Hakuona haja.

"Mama yangu ni nani?"

Pikipiki ikazima uani. Willis akasikika akishuka, akicheka na mwenye pikipiki. Mtu aliye kitini akaugeukia mlango, akaanza kuinuka.

"Mimi!" Edah akasema. "Mama yako ni mimi. Mwache huyo. Ni mimi!"

Majimaji yakaacha kudondoka.

Willis aliingia na koti lake, kinywa kimejaa visingizio. Kiti kilikuwa kitupu, kimelowa. Edah alimkumbatia mpaka akalalamikia mbavu, kisha akamchapa kofi la bega.

"Vua hilo koti. Vua sasa hivi!"

Filamu haikumalizika. Edah alirudi chumba chake cha kupanga mjini Kakamega na hasira zake zote: mwaka mzima wa kazi, na hawezi kumwonyesha mtu. Shangazi husema aliyekubaliwa hadhuru. Zaidi ya hapo hataki kuulizwa.

Kila jioni, Edah anaposonga ugali wake, obusuma, hodi hupigwa. Taratibu, kwa adabu. Yeye husonya, hulaani, huapa kwamba leo hafungui. Kisha hupakua sahani ya pili, huiweka nje ya mlango, na asubuhi huikuta tupu.

Jana hodi ilipigwa, na sahani ikawekwa. Lakini safari hii sauti haikuondoka.

"Mama..."

"Nini tena?"

"Baba yangu ni nani?"

Edah akajiuma ulimi asitaje jina. Jina la kwanza lililomjia lilikuwa la Ayub.